Tovuti ya Biashara Kibondo: Funguo Zikae kwa Mwenye Duka

Tovuti ni mkusanyo wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana, ambazo mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kuzifungua, ama kwa kuandika anwani yake au kwa kuletewa anwani hiyo na injini ya utafutaji kama Google. Tangu Tim Berners-Lee alipoweka hadharani tovuti ya kwanza katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mwaka 1991, kiini cha jambo hilo hakijabadilika: ni maandishi na picha zilizowekwa mahali ambapo wengine wanaweza kuzisoma wakati wowote. Kilichobadilika ni wingi wa zana za kuitengeneza, ambazo zimerahisisha kazi kiasi kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuwa na tovuti inayosomeka ndani ya wiki mbili, na papo hapo zimeongeza njia ambazo mwenye biashara anaweza kupokonywa mali yake bila hata kujua kwamba alikuwa nayo. Makala haya yanamhusu mfanyabiashara wa Kibondo au Kasulu anayetaka kujifunza misingi ya kujenga na kusimamia tovuti, na hoja yake kuu ni kwamba mtu huyo halazimiki kuwa mwanaprogramu, lakini analazimika kujua kiasi cha kumwezesha kushika mwenyewe funguo za tovuti yake, kama anavyoshika funguo za duka lake hata pale anapomwajiri muuzaji.

Swali la kwanza, kama tovuti ina maana yoyote katika nyanda za juu za Kigoma, linastahili jibu la uaminifu, kwa sababu kwa miaka mingi jibu lingekuwa hapana. Miji ya Kibondo na Kasulu iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli hadi gridi ya Taifa ilipofikishwa mwaka 2022, na barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 260, ilijulikana kwa vumbi la kiangazi na tope la masika kabla ya ujenzi wa lami kuanza. Biashara nyingi zilisimama juu ya mteja aliye jirani, na kwa sehemu kubwa juu ya fedha zilizoletwa na shughuli za wakimbizi: kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo iliyofunguliwa upya mwaka 2015 wakati Warundi walipokimbia nchi yao. Nyumba za kulala wageni, mama lishe, wenye magari ya kukodisha, mafundi seremala na wauza vifaa vya ujenzi walizoea mteja mmoja mkubwa, yaani mashirika. Lakini mteja huyo huja na kuondoka kwa maamuzi yanayofanyika mbali na Kigoma, na kufungwa kwa kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko mwaka 2021 kulionyesha wazi kwamba soko lililojengwa pembeni ya kambi linaweza kukauka ndani ya msimu mmoja. Mwenye asali, maharage, kahawa au vyumba vya kulala anahitaji mnunuzi wa Mwanza, wa Dodoma na wa Dar es Salaam, na mnunuzi huyo hawezi kupita mbele ya duka akaona kibao.

Wengi watasema kwamba kazi hiyo tayari inafanywa na WhatsApp, Facebook na Instagram, na hawakosei sana. Mitandao hiyo ni gulio: watu wamejaa, sauti ni nyingi, bidhaa inaonekana haraka, na muuzaji asiyefika siku ya gulio anajinyima mwenyewe. Hata hivyo gulio lina tabia yake, kwamba jua likizama meza huondolewa, na asubuhi anayepita hapo haoni chochote isipokuwa maganda ya ndizi. Picha ya hali katika WhatsApp hufutika baada ya saa 24, ukurasa wa Facebook unaweza kufungwa au kuibiwa bila mwenyewe kupata wa kumlalamikia, na tangazo la mwezi uliopita hufukiwa chini ya mengine mia. Tovuti ni duka lenye mlango na namba ya kiwanja. Halivuti watu kwa kelele, bali mtu aliyesikia habari gulioni hulifuata ili ajue bei, ajue mahali, na zaidi ya yote ajue kama anayeuza ni mtu wa kweli. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika, ila kama fedha inatosha kwa kimoja tu na biashara ni ya kuuzia majirani, inafaa kubaki gulioni kwanza. Kinyozi wa mtaa wa Biturana hana haja ya tovuti, na fundi anayemshauri vinginevyo anatafuta kazi yake mwenyewe.

Anayeamua kuendelea anapaswa kuelewa kwamba kile kinachoitwa tovuti kwa hakika ni vitu vitatu tofauti, vinavyoweza kumilikiwa na watu watatu tofauti, na hapa ndipo hasara nyingi huanzia. Cha kwanza ni jina, ambalo kwa lugha ya fani huitwa kikoa na mafundi wengi hulitamka domeni. Cha pili ni nafasi ndani ya seva, yaani ile kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa zimehifadhiwa. Kuikodi nafasi hiyo ndiko mafundi wanakokuita kuhosti. Cha tatu ni yaliyomo, maana yake maandishi, picha, bei na mpangilio wa kurasa. Jina linaweza kununuliwa kwa kampuni moja, nafasi ikakodiwa kwa nyingine, na yaliyomo yakaandikwa na mtu wa tatu, kisha vyote vikaunganishwa vikaonekana kama kitu kimoja.

Kuhusu jina, ni vyema kujua kinachotokea pale mteja aliyeketi kwenye basi anapoliandika katika kivinjari, yaani ile programu ya simu inayofungulia kurasa. Kompyuta hazitambuani kwa majina bali kwa namba, na tangu mwaka 1983 upo mfumo wa dunia nzima, unaofupishwa DNS, unaofanya kazi kama kitabu cha simu: simu ya mteja huuliza jina hili lina namba gani, hujibiwa, kisha huenda kwenye seva yenye namba hiyo na kuomba ukurasa. Yote hayo huisha kabla mteja hajamaliza kukunja uso. Maana yake kwa mwenye biashara ni kwamba yeyote anayedhibiti jina ndiye anayeamua wateja waelekezwe wapi. Seva inaweza kubadilishwa, fundi anaweza kubadilishwa, kurasa zinaweza kuandikwa upya zote, lakini jina likipotea vibao, risiti na vibandiko vya ndoo vilivyochapishwa vinabaki vikimtangaza mtu mwingine.

Majina yanayoishia na .tz ni ya Tanzania. Usimamizi wake ulikuwa kwa miaka mingi chini ya kituo cha tzNIC na sasa uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ingawa mwombaji hanunui kwa mamlaka yenyewe bali kwa kampuni zilizoidhinishwa kuwa wasajili. Biashara huchukua .co.tz, asasi .or.tz, vyuo .ac.tz, taasisi za serikali .go.tz, na ipo hata .hotel.tz ambayo nyumba ya wageni ya Kasulu ingeweza kuitumia. Gharama si kikwazo, kwa kuwa kwa kawaida haizidi makumi machache ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, lakini neno mwaka ndilo la kuzingatiwa: jina halinunuliwi likaisha, hukodishwa, na asiyelipia kwa wakati hulipoteza. Jina fupi, linaloandikika bila kuulizwa mara mbili, linafaa kuliko refu lenye vistari. Linapaswa pia kulingana na jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa sababu mnunuzi mwenye shaka hulinganisha majina hayo na lile linalotokea kwenye simu anapolipa.

Kosa linalowagharimu wafanyabiashara wengi ni kumpa fundi fedha taslimu na kumwambia ashughulikie kila kitu. Fundi, mara nyingi bila nia mbaya, hufungua akaunti kwa barua pepe yake, husajili jina kwa namba yake ya simu, hulipia mwaka mmoja na kukabidhi tovuti inayopendeza. Mwaka ukiisha, taarifa ya malipo humfikia yeye, ambaye huenda amehamia Mwanza, amebadili laini, au ameacha kazi hiyo na sasa anaendesha bodaboda. Mwenye biashara hugundua siku mteja anapompigia kumuuliza kama bado anauza. Kinga yake ni rahisi na haihitaji elimu ya kompyuta: mwenye biashara afungue mwenyewe barua pepe ya biashara kabla ya kumwita fundi, akaunti ya msajili na ya seva zifunguliwe kwa barua pepe hiyo na kwa namba yake ya simu, malipo yatoke kwenye simu yake, na fundi apewe ruhusa ya kuingia kwa jina lake mwenyewe la mtumiaji, ruhusa ambayo inaweza kuondolewa siku kazi inapokwisha. Fundi mwaminifu hatakasirika kwa masharti hayo, na anayekasirika amekwisha kutoa jibu ambalo mwenye biashara alihitaji kulijua mapema.

Nafasi ndani ya seva, kwa biashara ndogo, hukodiwa kwa mtindo wa pamoja, ambapo tovuti nyingi hukaa katika kompyuta moja kama wapangaji wa vyumba vya nyumba moja wanaotumia kisima kimoja. Mtindo huo ni wa bei nafuu na unatosha, ila mpangaji mmoja akichota maji yote, wengine hukaukiwa, na ndiyo sababu tovuti yaweza kuwa nzito saa fulani bila kosa la mwenyewe. Kinachopaswa kuulizwa kabla ya kulipa ni mambo machache: kama kampuni huchukua nakala ya akiba kila siku, kama kuna mtu wa kupokea simu, na kama cheti cha usalama kimejumuishwa. Cheti hicho ndicho kinachofanya anwani ianze na https, na maana yake ni kwamba maneno yanayosafiri kati ya simu ya mteja na seva yamefungwa, hivyo aliye njiani hawezi kuyasoma. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, na tangu mwaka 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyo nacho si salama. Kwa hiyo anayetozwa fedha nyingi kwa cheti cha kawaida ana haki ya kuhoji.

Kujifunza ujenzi wenyewe kuna njia mbili, na kinyume cha ushauri unaotolewa mara nyingi, inafaa kuanza na ile inayoonekana ngumu. Ukurasa wowote wa wavuti umeandikwa kwa HTML, ambayo ni mpangilio wa alama za kuieleza kompyuta kwamba maneno haya ni kichwa cha habari, haya ni aya, hii ni picha na hiki ni kiungo cha kwenda ukurasa mwingine; ndugu yake CSS hueleza rangi, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya vitu. Uzuri wa HTML kwa mwanafunzi wa Kibondo ni kwamba haili bando. Kompyuta ya kawaida, hata ile kuukuu iliyoko katika duka la steshenari, ina programu ya kuandikia maandishi matupu na ina kivinjari; mwanafunzi huandika, huhifadhi faili, hulifungua kwenye kivinjari na kuona matokeo papo hapo bila intaneti yoyote. Saa kumi za mazoezi ya namna hiyo zinatosha kumfanya mtu aelewe kwamba ukurasa uliovurugika mara nyingi umevurugwa na alama moja iliyosahauliwa kufungwa. Masomo ya bure yapo katika W3Schools na freeCodeCamp, na kizuizi chake kikubwa ni Kiingereza, ingawa msamiati unaohitajika kwa hatua ya kwanza ni mdogo, pengine maneno sitini, na mwenye daftari anaweza kuyaorodhesha kwa maana zake na kuyamaliza kwa mwezi.

Baada ya hapo ndipo inafaa kuingia katika WordPress, mfumo wa kusimamia yaliyomo uliozinduliwa mwaka 2003, ambao leo unaendesha takribani tovuti nne katika kila kumi duniani. Mfumo wa aina hiyo humwezesha mtu kuandika na kubadili kurasa kupitia fomu, bila kugusa HTML, na hata kupitia simu. Unapatikana bure, ila ubure wake una mitego: watu huongeza vipachiko, yaani programu ndogo za ziada za kuonyesha kalenda, picha zinazocheza na kadhalika, na kila kipachiko kisichosasishwa ni dirisha lisilo na komeo. Vipachiko vitano vinatosha duka lolote la Kasulu. Mtu aliyepitia HTML kwanza hujua anachokiongeza na anachoweza kukiacha, wakati yule aliyeanzia kwenye WordPress huongeza mpaka tovuti inalemewa.

Yote yaliyotangulia ni mlango na kuta. Kinachouza ni maneno, na hapa inafaa kusogelea mfano mmoja kwa karibu. Tuseme mfanyabiashara wa Kibondo anauza asali, zao ambalo misitu ya miombo ya huko imelipa sifa. Ukurasa wake wa kwanza, kama zilivyo kurasa nyingi, unasema: karibu sana katika tovuti yetu, sisi ni wauzaji wa asali bora na safi ya asili kwa bei nafuu, tupigie. Mnunuzi wa Dar es Salaam anayesoma maneno hayo hajajua chochote, kwa sababu hakuna muuzaji anayetangaza asali mbaya na chafu. Anachotaka kujua ni kama asali hiyo ni ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo bei yake huwa juu zaidi, imerinwa lini, imechujwa tu au imechemshwa, ina maji kiasi gani, kwa kuwa kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka yasizidi asilimia 20, na asali yenye maji mengi huchacha njiani, na inauzwa kwa kipimo gani.

Suala la kipimo peke yake limevunja biashara nyingi. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 hubeba takribani kilo 28. Muuzaji anayetaja bei ya ndoo na mnunuzi anayehesabu kwa kilo wanaweza kukubaliana kwa simu huku kila mmoja akiwa na hesabu yake, na ugomvi ukaibuka ndoo inaposhushwa Dar es Salaam. Ukurasa ulioandikwa vizuri ungesema hivi: asali ya nyuki wakubwa kutoka miombo ya Kibondo, iliyorinwa mwezi wa Juni, imechujwa kwa kitambaa bila kuchemshwa, maji yaliyopimwa ni asilimia 18, ndoo ya lita 20 ina takribani kilo 28, bei ni ya kuchukulia Kibondo mjini, na gharama ya kusafirisha kwa basi hutajwa kabla ya malipo. Hakuna sifa hata moja katika maneno hayo, na mnunuzi ana sababu tano za kupiga simu. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa nyumba ya wageni, ambayo badala ya kujiita ya kisasa ingesema kama maji ya moto yapo, kama kuna jenereta umeme ukikatika, kama gari linalazwa ndani ya uzio, na ni dakika ngapi kwa miguu kutoka stendi.

Picha nazo zina hesabu yake, na hesabu hiyo huamua kama ukurasa utafunguka au la. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi inaweza kuwa na megabaiti 4. Mahali ambapo simu inasoma herufi E, kama inavyotokea mara kwa mara mtu akitoka nje ya miji, kasi inaweza kuwa kilobiti 200 kwa sekunde; kwa kuwa baiti moja ni biti nane, picha hiyo ni kilobiti 32,000, na itachukua sekunde 160, yaani zaidi ya dakika mbili na nusu, kufunguka peke yake. Picha hiyohiyo ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200, pikseli zikiwa ni vile vidoa vidogo vinavyounda picha, na ikabanwa hadi kilobaiti 100, hufunguka kwa sekunde nne, na jicho la kawaida kwenye kioo cha simu halioni tofauti. Programu za kubana picha zipo bure, na kazi yenyewe ni ya dakika. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba fundi hutumia siku tatu kuchagua rangi ya kichwa cha ukurasa na hakumbuki kubana picha, ilhali bando linalochomeka ni la mteja, na mteja anayeona bando likiisha hasubiri picha, anaondoka. Jaribio bora la tovuti mpya halifanywi ofisini kwenye kompyuta yenye intaneti ya kasi. Hufanywa kwenye simu ya bei nafuu, nje ya mji, kuelekea Mabamba, saa ya jioni wakati mtandao umeelemewa.

Katika malipo, biashara ndogo haihitaji mitambo ya gharama. Zipo kampuni za Tanzania zinazounganisha tovuti na mitandao ya fedha kwa simu na kadi, na zinafaa kwa anayepokea oda nyingi kila siku, lakini anayeuza ndoo kumi kwa wiki anatosheka na kuonyesha Lipa Namba yake kwenye ukurasa pamoja na jina kamili litakalotokea mteja anapolipa. Jina hilo lina kazi kubwa katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii. Ukurasa uandike wazi kwamba namba ya malipo haibadilishwi kwa ujumbe wala kwa simu, na kwamba anayepewa namba nyingine arudi kwenye tovuti kuhakiki. Kwa njia hiyo tovuti inakuwa shahidi wa kulinganishia, jambo ambalo ukurasa wa mtandao wa kijamii, unaoweza kuigwa kwa dakika tano, hauwezi kulifanya kwa uzito uleule. Upande wa pili wa manufaa hayo ni kwamba mwizi akiingia ndani ya tovuti, kitu cha kwanza atakachobadili ni namba hiyo, na kwa sababu hiyo mwenye biashara anapaswa kufungua ukurasa wake wa malipo kila Jumatatu, kwa simu, kama mteja, na kuisoma namba tarakimu kwa tarakimu.

Ili tovuti ipatikane, siri nyingi zinazouzwa na wanaojiita wataalamu wa Google zinaweza kuachwa. Kila ukurasa uwe na kichwa kinachotaja kitu na mahali, kwa mfano asali ya nyuki wadogo Kibondo, kwa maneno ambayo mnunuzi huyatumia anapotafuta. Biashara iandikishwe bure kwenye Ramani za Google kwa alama iliyopigwa mahali sahihi, kwa kuwa mgeni anayeingia Kasulu usiku hutafuta malazi kwenye ramani kabla ya kutafuta mahali pengine popote. Na bei au msimu vikibadilika, ukurasa ubadilishwe siku hiyohiyo. Kiswahili kiwe lugha ya kwanza, na ukurasa mmoja wa Kiingereza uongezwe kwa wageni wa mashirika na wanunuzi wa nje.

Sheria haimlemei mwenye tovuti ya kuuzia bidhaa, lakini ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayekusanya majina na namba za simu za wateja, kwa hiyo fomu ya oda iulize yale tu yanayohitajika kupeleka mzigo, na taratibu za usajili zifuatwe kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Anayetaka kuongeza habari za mji na matukio ili kuvuta wasomaji ajue kwamba anaingia katika eneo la Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo zina leseni zake. Ni busara auze asali tu.

Kinachobaki ni usimamizi, kazi isiyo na sifa wala picha za uzinduzi. Mfumo na vipachiko visasishwe kila mwezi, na kabla ya kusasisha zichukuliwe nakala tatu za tovuti nzima: moja ibaki kwenye seva, moja kwenye kompyuta ya biashara na moja kwenye flashi inayofungiwa nyumbani, kwa sababu nakala iliyo kwenye seva pekee huzama pamoja na seva. Nywila, yaani neno la siri la kuingilia, iwe ndefu na isiwe ileile ya Facebook. Uthibitisho wa hatua mbili, unaodai namba ya muda inayotumwa kwenye simu baada ya nywila, uwashwe kwanza kabisa kwenye barua pepe ya biashara, kwa kuwa anayeimiliki barua pepe hiyo anaweza kuomba nywila mpya za vitu vingine vyote.

Kumbukumbu za haya hazihitaji programu yoyote. Kaunta buku lilelile linaloandikiwa madeni ya wateja linaweza kutengewa ukurasa mmoja wa nyuma, unaoandikwa jina la kikoa, msajili aliyeuza, siku kinapokwisha muda, kampuni ya seva na tarehe ya malipo yake, barua pepe iliyofungulia akaunti, laini ya simu iliyosajiliwa nayo, jina la fundi na siku ruhusa yake ilipotolewa au kuondolewa. Nywila haziandikwi humo, bali hukaa pamoja na hati ya kiwanja. Mtu wa pili katika familia, awe mke, mume au kijana aliyeko chuoni, anapaswa kujua ukurasa huo uko wapi, na awe ameshalipia jina hilo kwa mkono wake mwenyewe walau mwaka mmoja, mwenye duka akiwa ameketi pembeni akitazama.